Milimita sita za zeze la umeme

Gitaa la dukani huja na uamuzi mmoja ulioshafanywa: mahali pa kila noti. Freti, vile vituo vya chuma vinavyovuka shingo ya gitaa, zimepigiliwa kiwandani kwa kanuni ileile dunia nzima, na ukitaka sauti iliyo kati ya freti ya tisa na ya kumi, itabidi uivute kwa kidole kila unapoihitaji. Kwa muziki wa dansi, wa injili, hata taarabu yenye gitaa la umeme, kanuni hiyo inatosha. Kwa nyimbo nilizokua nikizisikia Dodoma haitoshi. Ndiyo sababu niliacha kuwaza gitaa la bei nafuu, nikaamua kujitengenezea zeze la umeme, nikaanza kukusanya ubavu wa kitanda kilichovunjika, kopo la biskuti, adapta mbili zilizokufa, sumaku za spika na redio kaseti ambayo haikuwa ikipiga kaseti tena.

Nieleze kwanza hiyo sauti inayotafutwa, maana bila hiyo kazi yote inaonekana ni ya kuokoa fedha tu. Chukua uzi wowote wa chuma ulionyooshwa. Uguse katikati kabisa kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza, kisha uupige. Inatoka sauti nyembamba, ya juu, safi. Gusa kwenye theluthi, itoke nyingine. Gusa kwenye robo, kwenye moja ya tano, moja ya sita, moja ya saba, na kila mara uzi uleule unakupa sauti mpya. Sauti hizo zote zimo ndani ya uzi tangu mwanzo. Kidole kinazichambua tu. Wagogo wa Dodoma wamejenga ngazi yao ya muziki juu ya sauti hizo za asili, kuanzia ya nne hadi ya tisa. Ile ya saba ndiyo inayowashangaza wageni. Iko chini kidogo ya noti iliyo jirani yake kwenye kinanda, kama theluthi ya nusu-toni (hatua ya freti moja) hivi, na aliyezoea kinanda huihisi kama imepotoka. Aliyezaliwa ndani yake huihisi kama nyumbani.

Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka ngazi hiyo kwenye majukwaa ya dunia kwa zeze na ilimba (ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), na pia alirekodi na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada anayecheza sana na mitambo ya umeme. Kwa hiyo zeze na waya wa umeme wamekwisha kukutana zamani. Nilichotaka mimi ni ala ambayo umeme ungekuwa mwilini mwake, si maikrofoni iliyowekwa mbele yake, na ambayo noti zake ningeziweka kwa sikio langu mwenyewe.

Nimeliita zeze, na sioni kwamba nimelionea jina. Zeze la Wagogo hupigwa kwa upinde, lakini huku pwani na kule Kongo limekuwapo zeze la ubao lenye kibuyu, la kudonolewa kwa vidole, lililochongwa vituo vya kubonyezea nyuzi. Langu linafuata hilo la ubao. Kibuyu kimekuwa kopo.

Ubao wenyewe ni mninga. Kitanda cha zamani hapa kwetu kinapovunjika, watu hulilia chaga na kusahau kwamba ubavu wake ni kipande cha mbao iliyokauka kwa miaka mingi, imenyooka, haina tena nia ya kupinda. Mbao mbichi ya dukani leo huwezi kuiamini hivyo. Uzi wa chuma wa unene wa kawaida, ukiwa na urefu wa sentimita 60 na umekazwa hadi sauti ninayotaka, unavuta kama kilo tano au sita. Nyuzi tatu zinakaribia kilo 17, na zinavuta usiku na mchana bila kupumzika. Mninga wa kitanda unabeba hayo bila kulalamika. Nilikata kwa msumeno, nikalainisha kingo kwa tupa na msasa mpaka mkono ukateleza, nikatoboa matundu matatu ya vigingi. Vigingi ni vya mti, vimechongwa vyembamba kuelekea ncha, na vinashika kwa msuguano tu, jinsi vigingi vya zeze vilivyoshika siku zote. Kidogo cha unga wa chaki kwenye shingo ya kigingi kinakizuia kurudi nyuma.

Juu, pale nyuzi zinapoanzia, pamelala bolti. Mifereji yake inashika kila uzi mahali pake. Chini, daraja ni bolti nyingine, na mkia ni bawaba ya mlango wa kabati: matundu yake ya skrubu yanapitisha nyuzi, na fundo la uzi linakwama nyuma yake. Bawaba ni kitu cha ajabu kwa kazi hii. Imetengenezwa kuvutwa.

Kuhusu nyuzi, watu wengi waliotengeneza gitaa la debe utotoni wanakumbuka mshipi wa kuvulia samaki. Mshipi una sauti nzuri, laini, lakini ni nailoni, na sumaku haiijui nailoni. Ukitaka pikapu ya sumaku, kidude kinachogeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme, lazima uzi uwe wa chuma. Njia ya pili ya utotoni ni waya wa breki ya baiskeli: unaufumua, unapata nyuzi nyembamba za chuma, nyingi, bure. Ila uzi wa breki umeishi maisha yake yote ukiwa umesokotwa, na hata ukikazwa vipi unabaki na mawimbi madogo unayoweza kuyahisi ukiupitisha kati ya kucha mbili. Mawimbi hayo yanaufanya usikubaliane na wenyewe. Mtu anayetafuta sauti ya saba iliyo sahihi hawezi kuutumia. Nilikwenda badala yake kwa wapiga gitaa wa bendi. Nyuzi za gitaa hukatika mara nyingi karibu na daraja au kwenye kigingi, na kinachobaki kinatosha kabisa kwa ala ya sentimita 60. Wao hutupa. Omba, utapewa fungu.

Sasa tuje kwenye pikapu, ambayo kwangu ndiyo roho ya kazi nzima.

Kanuni yake ni ya Michael Faraday, mwaka 1831: sumaku ikibadilika mbele ya koili ya waya, umeme unazaliwa ndani ya waya. Kwenye gitaa la umeme sumaku yenyewe haitikisiki. Uzi wa chuma ulio juu yake unapata usumaku kidogo, na unapotetemeka unavuruga uwanja wa sumaku mara mia moja, mara mia mbili kwa sekunde, na koili inahisi kila msukosuko. Umeme unaotoka ni mdogo sana, sehemu ndogo ya volti, lakini umebeba umbo lote la mtetemo. Gitaa la kwanza la umeme lililofanikiwa, lile la George Beauchamp na Adolph Rickenbacker la mwaka 1931, lilifanya hivi hivi, na kwa umbo lake watu waliliita kikaango.

Tatizo la mtengenezaji wa nyumbani ni waya. Koili ya pikapu huhitaji maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kuliko unywele. Kuununua mpya ni ghali na kuuzungusha kwa mkono kunakatisha tamaa. Jibu limelala kwenye droo za nyumba nyingi: adapta nzito za zamani, zile zilizokuja na redio, simu za mezani na kompyuta za kwanza. Uzito wake ni transfoma. Upande wa transfoma unaopokea umeme wa volti 230 umezungushiwa waya mwembamba mno, mizunguko mingi mno, na umezungushwa kwa mashine, sawasawa, kazi safi. Hizi chaja nyepesi za kisasa hazifai. Tafuta ile inayoangusha mkono.

Ukifungua ganda, unakuta mabati membamba ya chuma yaliyopangwa kama kurasa, yameganda kwa vanishi. Ukiyagonga polepole na kuyachomoa moja moja, unabaki na kigurudumu cha plastiki chenye koili mbili. Yenye waya mwembamba, iliyokuwa imeungwa na miguu ya plagi, ndiyo unayoitaka. Ipime kwa mita: kama mita inasoma namba, waya haujakatika. Nyingi kati ya adapta hizi zilizosemekana zimekufa, kilichokufa ni waya wa nje, pale unapoingia kwenye plagi, baada ya kupindwa na kukunjuliwa miaka yote. Koili ndani ni nzima.

Katika tundu la katikati, palipokuwa na mabati, rudisha machache yaliyonyooka, na juu yake weka kipande cha chuma bapa kinachotanda chini ya nyuzi zote tatu. Chini ya koili weka sumaku. Sumaku ya spika ndogo inafaa; ya diski kuu ya kompyuta mbovu ina nguvu zaidi, pengine kupita kiasi, kwa sababu sumaku kali iliyo karibu sana huvuta nyuzi na kuharibu mlio wake. Iache umbali wa milimita chache, sogeza, sikiliza, sogeza tena.

Pikapu ya koili moja itakupa muziki pamoja na mngurumo. Mngurumo huo ni umeme wa ukutani, ambao kwetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na nyaya zote za nyumba zinautangaza hewani. Kwa sikio la muziki ni sol ya chini kabisa, iliyopanda kidogo, pamoja na oktava zake, na ukikaza zeze lako kwenye sauti nyingine inakuwa kama kuna mtu chumbani anayeimba wimbo wake bila kukoma. Dawa yake iliyoenea kwenye magitaa ni ya mwaka 1955, wakati Seth Lover wa kampuni ya Gibson alipounganisha koili mbili zinazopokea mngurumo kwa kupingana na nyuzi kwa kukubaliana. Ndiyo maana nilitafuta adapta mbili zinazofanana. Koili zinakaa bega kwa bega, sumaku ya moja ikitazama juu kwa ncha ya kaskazini na ya pili kwa ncha ya kusini. Unganisha mwisho wa moja na mwisho wa nyingine, kisha sikiliza. Mngurumo ukiongezeka, geuza nyaya za koili moja. Mngurumo ukifa na nyuzi nazo zikafifia, geuza sumaku moja. Hakuna hesabu hapo. Ni sikio na subira. Dakika ile mngurumo unapotoweka na nyuzi zinabaki peke yake, wazi, zikiwa na nguvu maradufu, ni furaha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu aliyenunua pikapu yake dukani.

Pikapu imekaa juu ya mfuniko wa kopo la biskuti, na kopo limetobolewa pande mbili ili ubao upite katikati yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyuzi zinauvuta ubao. Kopo halibebi chochote. Mtu anaweza kuuliza kopo ni la nini, ikiwa pikapu inasikiliza nyuzi tu. Ni kwamba pikapu imefungwa kwenye bati, na bati linatetemeka. Sauti inapita kwenye daraja, inaingia kwenye kopo, inarudi kwenye koili kama mwangwi mfupi wa chuma. Ubao mtupu wenye pikapu unasikika kama gitaa la umeme la kawaida. Lenye kopo lina sauti yake. Tena kopo likiunganishwa na waya wa ardhi wa saketi linakuwa ngao dhidi ya mngurumo uliosalia. Lainisha kingo za bati kwa tupa kabla ya jambo lingine lolote. Bati la biskuti linakata kama wembe.

Redio kaseti niliipata Gerezani, Kariakoo, mahali ambapo vitu huenda kuanza maisha ya pili. Fundi alinitazama nikizungusha redio mikononi, akasema, "Kaka, hii haivuti mkanda, mota imekufa. Ila amplifaya yake nzima, spika zake nzima." Hakujua kwamba alikuwa amenitajia kila nilichohitaji. Kichwa cha kaseti, kile kidude kinachogusa mkanda, nacho ni koili ndogo inayohisi mabadiliko ya sumaku. Saketi iliyo nyuma yake imetengenezwa makusudi kupokea umeme hafifu wa koili na kuukuza mara nyingi sana. Nilikata nyaya mbili za kichwa hicho na kulehemu jeki, tundu la kuchomekea waya wa ala, mahali pake. Pikapu yangu ina nguvu kuliko kichwa cha kaseti, kwa hiyo ukipiga kwa nguvu sauti inakwaruza, inavimba, inakuwa nene. Ukipiga kwa upole inakuwa safi. Anayetaka usafi wakati wote ataunganisha kwenye mguu wa juu wa kitufe cha sauti, ambako ukuzaji ni mdogo.

Hapa nasema kwa uzito wote: redio iwe ya betri. Baadhi ya redio na vifaa vya zamani vinavyochomekwa ukutani havina transfoma inayotenganisha umeme wa ukutani na chuma cha ndani. Nyuzi zako ni za chuma, zimeungwa na waya wa ardhi wa saketi hiyo, na vidole vyako viko juu yake. Usijaribu. Betri kubwa zinaendesha redio kaseti kwa muda mrefu na hazimuui mtu.

Nimesoma sana habari za Brian May, mpiga gitaa wa kundi la Queen la Uingereza, ambaye mwaka 1963, akiwa kijana, alianza kutengeneza gitaa lake na baba yake, mhandisi wa elektroniki. Shingo ilitoka kwenye mbao ya juu ya meko ya zamani, na matundu ya wadudu waliyaziba kwa njiti za kiberiti. Springi zilitoka kwenye pikipiki, alama za shingoni ni vifungo vya ganda la lulu vya mama yake. Gitaa hilo ndilo lililosimama jukwaani kando ya mwimbaji wao Freddie Mercury, mtoto wa Unguja aliyezaliwa mwaka 1946. Mwenzao John Deacon aliokota ubao wa saketi kwenye pipa la taka London, akautia kwenye kasha la spika, akauendesha kwa betri ya volti 9, na kile kikasha kikaingia studio. Karibu zaidi na sisi, Kinshasa, Roger Landu wa kundi la Staff Benda Bilili alibuni satonge yake kwa kopo, mti uliopindwa na uzi mmoja, akaichomeka kwenye amplifaya na kuzunguka nayo dunia. Nawataja kwa sababu nimechoka kusikia ala ya kujitengenezea ikiitwa mchezo wa watoto. Gitaa la debe kwetu limekomea utotoni kwa sababu tu hakuna mtu mzima aliyeendelea nalo.

Na sasa zile milimita.

Kwenye ala ya sentimita 60, fundi wa gitaa hugawanya urefu kwa 17.817 na kuweka freti ya kwanza umbali huo kutoka juu, milimita 33.7, kisha anagawanya kinachobaki kwa namba ileile, na kuendelea. Kwa kanuni hiyo freti ya kumi inaangukia sentimita 26.3. Lakini sauti ya saba ya asili, ile ya Wagogo, inahitaji uzi unaotetemeka kwa sehemu nne kati ya saba za urefu wake. Piga hesabu: ni sentimita 25.7 kutoka juu. Tofauti ni milimita sita, chini ya upana wa kidole kidogo. Nyingine zinatofautiana kidogo tu: ya tano inakaa kwenye sentimita 12 mahali pa 12.4, na ya sita kwenye 20 kamili, ambako gitaa nalo liko karibu palepale.

Kwa sababu hiyo freti zangu hazikupigiliwa. Ni mshipi mnene wa kuvulia, uliozungushwa shingoni na kufungwa kwa nyuma, umebana lakini unasogea ukisukumwa kwa kucha. Chuma cha nyuzi kinaula mshipi taratibu, na ukilika unafunga mwingine. Faida ni kwamba hesabu inakuwa mwanzo tu. Ukibonyeza uzi unauvuta kidogo, sauti inapanda kidogo, na freti lazima irudi nyuma kiasi cha unene wa ukucha ili kulipa deni hilo. Rula haiwezi kukuonyesha hapo. Piga sauti ya saba ya asili kwenye uzi wa besi kwa kuugusa tu, iache ilie, halafu bonyeza freti kwenye uzi mwembamba uliokazwa oktava juu. Sauti mbili zikikosana utasikia mapigo: wau, wau, wau. Ukisogeza freti mapigo yanapungua kasi, yanakuwa marefu, yanatulia. Utakuwa umefika, ingawa sauti ya kugusa iko oktava moja juu ya ile ya freti.

Mzee mmoja kutoka upande wa Chamwino, Dodoma, jirani yetu hapa Dar, alikuwa amekaa barazani nikifanya hivyo. Hakuniuliza kopo ni la nini wala umeme unatoka wapi. Alisikiliza mpaka mshipi ulipofika kwenye sentimita 25 na nusu na kitu, akanyanyua mkono. "Hapo, mwanangu. Usisogeze tena." Kisha akaanza kuimba juu yake, na nilipomfuata kwa nyuzi zile tatu, do, sol na do ya juu, hapakuwa na noti hata moja iliyohitaji kuvutwa kwa kidole.

Sasa natafuta adapta nyingine mbili. Mzee anasema nyuzi tatu ni chache, na mazeze aliyoyaona ujanani yalikuwa na nyingi zaidi.